Hakuweka saini

Najua nimewatupa. Wiki mbili nzima sijaandika kitu, na sababu ni ile ile ya siku zote: kazi za darasani zimefika shingoni, bumu limechelewa, na zamu yangu ya kufundisha mbele ya wenzangu ilikuwa inakaribia. Sisi tunaosomea ualimu tuna kitu hicho. Kabla hujapelekwa shule yenyewe kufanya mazoezi, mnafundishana humu humu darasani. Wewe unakuwa mwalimu, wenzako wanajifanya wanafunzi wa kidato cha tatu, na mhadhiri anakaa nyuma kabisa na kalamu yake nyekundu. Ni dakika ishirini tu, lakini zinatoa jasho kuliko mtihani.

Somo langu ni Historia, na mada niliyopangiwa ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nikafanya kama tunavyofanya wote, nikachukua desa la mwaka jana, nikaandika ubaoni 1939 mpaka 1945, sababu za vita, matokeo ya vita, idadi ya waliokufa. Mhadhiri alipopitia andalio langu akalirudisha na neno moja tu limepigiwa mstari: NANI? Nikamfuata ofisini. Akaniambia, "Binti, milioni haina uso. Mwanafunzi ataiandika, ataikariri, ataisahau. Mtafutie mtu mmoja."

Basi mwenzenu nikaanza kumtafuta huyo mtu mmoja. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kwaya, naimba alto, kwa hiyo nikasema ngoja nitafute mwanamuziki. Usiku mmoja nimevaa visikilizio, rumeti wangu kalala, nikakutana na sonata ya chelo na piano ya mwaka 1919. Chelo ni ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, sauti yake kama ya mzee anayezungumza taratibu. Lakini hii haikuanza taratibu hata kidogo. Inaingia kwa nguvu, chelo na piano zinasukumana kama watu wawili wenye hoja, hakuna anayetaka kushuka. Nikaangalia jina la mtunzi: Henriëtte Bosmans. Mwanamke! Na ameitunga akiwa na miaka 23, yaani umri wetu sisi. Usingizi ukakata.

Naomba niwasimulie habari zake kama nilivyozisoma, maana tangu siku hiyo hajatoka kichwani mwangu.

Henriëtte alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, tarehe 6 Desemba 1895. Baba yake, Henri Bosmans, alikuwa mpiga chelo mkuu wa okestra ya Concertgebouw, okestra kubwa kuliko zote nchini mwao. Alikufa binti akiwa bado mchanga. Mama yake, Sara Benedicts, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha mji huo. Kwa hiyo mtoto alilelewa na mjane mwalimu, na mwalimu wake wa kwanza wa piano akawa mama yake mwenyewe. Walioonja kufundishwa na mama zao wanajua, hapo hakuna kudanganya kwamba umeshafanya zoezi! Akiwa na miaka 17 alikuwa tayari ana cheti chake cha piano kwa alama za juu.

Akawa mpiga piano wa kuitwa huku na huku, akapiga na okestra ile ile ya marehemu baba yake mara nyingi. Na akatunga. Vitu vyake vya mwanzo vingi ni vya chelo, chombo cha baba ambaye hakuwahi kumsikia akipiga. Sijui nyie mnaonaje, mimi hilo liliniingia. Miaka ya 1920 alikuwa na mpenzi wake, mpiga chelo mwanamke aitwaye Frieda Belinfante, wakaishi pamoja miaka kadhaa, na tamasha lake la pili la chelo na okestra alilitunga kwa ajili ya Frieda. Mwaka 1927 akaenda kujifunza zaidi utunzi kwa Willem Pijper, mtunzi aliyekuwa na jina kubwa Uholanzi wakati huo, na muziki wake ukabadilika, ukawa mkavu na mkali zaidi. Mwaka 1929 kazi yake ya piano na okestra, Concertino, ilipigwa Geneva kwenye tamasha la kimataifa la muziki mpya. Baadaye akachumbiwa na mpiga fidla, Francis Koene. Mchumba akaugua uvimbe kwenye ubongo, akafariki mwaka 1934. Baada ya hapo Henriëtte akanyamaza. Aliendelea kupiga piano, lakini kutunga karibu akaacha kabisa, miaka kama kumi.

Na katikati ya ukimya huo ndipo vita ilipomkuta.

Wajerumani waliingia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Tarehe 13 Malkia Wilhelmina akavuka bahari kwenda London, tarehe 14 ndege zikaupiga mji wa Rotterdam mpaka katikati yake pakabaki majivu, na siku iliyofuata jeshi la Uholanzi likatia saini kushindwa. Siku tano tu. Nilipolisoma hilo nikajiuliza, hivi nchi inaamkaje siku ya sita? Jibu ni kwamba iliamka kawaida. Maduka yalifunguliwa, tramu zilitembea, watu walikwenda kazini. Ubaya haukuja wote kwa siku moja, ulikuja kwa fomu.

Hili la fomu ndilo nililotaka darasa langu lilishike. Kwanza watumishi wa umma walipewa karatasi ya kueleza kama wana damu ya Kiyahudi. Wengi sana walijaza, wakaona ni karatasi tu. Kisha Wayahudi wote wakaamriwa kujiandikisha. Wakafukuzwa kazini pia. Mwaka 1941 wanamuziki Wayahudi waliondolewa kwenye okestra ya Concertgebouw. Ndani ya ukumbi wa okestra hiyo kuna majina ya watunzi wakubwa yameandikwa pembeni kuzunguka roshani, na Wajerumani wakataka majina ya watunzi Wayahudi, kama Mendelssohn na Mahler, yafunikwe. Hebu fikiria, mtu amekufa zamani, lakini hata jina lake ukutani linaogopwa!

Kisha ikaja zamu ya wasanii wote. Mwezi Novemba 1941 watawala walianzisha kitu kinaitwa Kultuurkamer, yaani Chemba ya Utamaduni. Kama wewe ni mpiga muziki, mchoraji, mwigizaji, mwandishi wa vitabu au wa magazeti, ni lazima ujiandikishe humo. Usipokuwa mwanachama, hakuna kupanda jukwaani, hakuna kuchapishwa, hakuna kuonesha picha. Wayahudi walifungiwa mlango tangu mwanzo. Wengine walitakiwa kuweka saini tu, na maisha yaendelee.

Henriëtte alikuwa katikati. Mama yake Myahudi, baba yake siyo. Kwa hesabu za Wanazi alikuwa "nusu", neno ambalo mtu mwenye akili hawezi kumwita mtu mwenzake. Alikataa kujiunga. Kufikia mwaka 1942 hakuwa tena na jukwaa, wala kazi zake hazikuweza kupigwa hadharani. Mwanamke wa miaka 46, mkate wake unatoka kwenye vidole vyake kumi, na nyumbani ana mama aliyevuka miaka themanini.

Hapa nisimame kidogo nizungumze na sisi wanafunzi. Mwaka uliofuata, 1943, ikawa zamu ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliletewa tamko la kuahidi utii kwa watawala wa Kijerumani. Ukisaini, unaendelea na masomo. Usiposaini, masomo yako yamekwisha, na zaidi ya hapo unaweza kupelekwa Ujerumani kufanya kazi viwandani. Mnajua walifanyaje? Karibu asilimia 85 walikataa. Wanafunzi! Watu kama sisi tunaogombania nafasi ya kuchaji simu maktaba. Nilipolisema hilo darasani pakawa kimya, halafu mmoja nyuma akasema, "Sisi tungesaini asubuhi, jioni tukaanzisha mgomo." Tulicheka wote, teh teh teh, hata mhadhiri. Lakini lilikuwa cheko lenye mfupa ndani.

Sasa mpiga piano asiye na jukwaa anaishije? Waholanzi walikuwa na kitu walichokiita jioni nyeusi. Nyeusi hapa ni kama tunavyosema soko jeusi, kitu cha magendo. Mtu mwenye sebule kubwa na piano anaalika watu wachache anaowaamini. Wanakuja mmoja mmoja wasistukiwe. Pazia limevutwa, maana sheria ya vita haikuruhusu mwanga utoke nje. Wasanii waliokataa kusaini wanapiga, wanaimba, wanasoma mashairi, na wasikilizaji wanachanga chochote. Henriëtte alikuwa mmoja wao. Kutoka ukumbi wa maelfu mpaka sebule ya watu wachache. Mimi naona huko ndiko muziki ulikuwa na kazi kubwa zaidi, maana hakuna anayehatarisha maisha yake kwenda kusikiliza kitu asichokihitaji.

Siyo kila mtu alipata hata sebule. Leo Smit, mtunzi mwenzake wa Amsterdam, alikuwa Myahudi kwa baba na mama. Mwezi Februari 1943 alimaliza sonata yake ya fluti na piano. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo aliuawa katika kambi ya Sobibor, Poland. Alibakiza wiki mbili kutimiza miaka 43. Na yule Frieda Belinfante wa zamani, yeye aliingia kwenye upinzani wa siri. Alikuwa miongoni mwa waliopanga shambulio la tarehe 27 Machi 1943 dhidi ya ofisi ya kumbukumbu za wakazi wa Amsterdam, ili kadi za majina ziungue na Wajerumani washindwe kujua Myahudi ni nani na vitambulisho vya bandia ni vipi. Akajificha kwa kuvaa nguo za kiume, mwishowe akakimbilia Uswisi kwa miguu, akavuka milima wakati wa baridi.

Naona kila mmoja alikuwa na vita yake. Ya Henriëtte ilikuwa inakaa naye nyumba moja.

Mwaka 1944 wakamkamata mama yake. Bibi wa zaidi ya miaka themanini, mwalimu wa piano, wakampeleka Westerbork. Westerbork ilikuwa kambi kaskazini mashariki mwa Uholanzi. Serikali ya Uholanzi yenyewe iliijenga mwaka 1939 kupokea Wayahudi waliokimbia kutoka Ujerumani, halafu Wajerumani wakaigeuza kituo cha kuwasafirishia. Kutoka hapo treni zilikwenda mashariki, mara nyingi siku ya Jumanne, kuelekea Auschwitz, Sobibor na kwingineko. Watu kama 107,000 walipakiwa kwenye treni hizo kati ya mwaka 1942 na 1944. Waliorudi ni kama 5,000. Katika Wayahudi kama 140,000 waliokuwa Uholanzi, karibu robo tatu hawakuiona siku ya uhuru.

Binti hakukaa kimya. Alihangaika mpaka mama akatolewa. Na aliyesaidia kumtoa ni Willem Mengelberg.

Mengelberg ni nani? Hapa ndipo somo langu lilipogeuka vurugu. Mengelberg ndiye aliyekuwa kiongozi wa okestra ya Concertgebouw tangu mwaka 1895, mwaka ule ule aliozaliwa Henriëtte. Uholanzi nzima ilimheshimu. Alikuwa rafiki wa Mahler, yule yule ambaye jina lake lilikuja kufunikwa. Lakini Wajerumani walipoingia, yeye aliendelea kuongoza okestra kama vile hakuna kilichotokea. Mwaka 1940 gazeti la Wanazi lilichapisha mahojiano naye yaliyomwonesha kama mtu aliyefurahia nchi yake kushindwa, na Waholanzi hawakuyasahau. Alikwenda kupiga Ujerumani wakati wenzake wanaondolewa viti vyao. Ni kweli pia kwamba aliwaombea baadhi ya Wayahudi waliokuwa hatarini. Na kwa sababu Wajerumani walimsikiliza, mlango ambao kwa wengine ulikuwa ukuta, kwake ulifunguka.

Baada ya vita alihukumiwa na baraza la heshima la wanamuziki: asiongoze tena okestra Uholanzi maisha yake yote. Mwaka 1947 adhabu ikapunguzwa ikawa miaka sita. Malkia akamnyang'anya medali yake ya dhahabu. Mengelberg alikufa Uswisi mwezi Machi 1951, adhabu bado haijaisha, hakurudi tena jukwaani Amsterdam.

Sasa tukarudi darasani. Nimemaliza kueleza, nimebakiwa na dakika nne, nikauliza kama mwalimu mzuri, "Kuna swali?" Mkono ukanyooka, wa kaka mmoja mbishi tunayemwita Wakili. Akasimama na ile sauti yake. "Mwalimu, mimi sielewi. Huyu mama alikataa kusaini ili asishirikiane na adui. Safi. Halafu akapokea msaada wa mtu aliyekuwa anakula meza moja na adui. Sasa msimamo wake uko wapi? Angekuwa mkweli angekataa na hilo."

Darasa likagawanyika. Huku wanapiga makofi, huku wanaguna. Mimi mwalimu nimeshika chaki, mdomo umekauka. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa si la kusema mbele ya watu arobaini. Nikasema tu, "Swali zuri, tutaliendeleza kipindi kijacho." Kengele ya kuokolea walimu hiyo!

Ngoja niliandike hapa, labda Wakili atalisoma.

Baba yangu alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Alituachia kiwanja kimoja. Baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, akakiuza. Hatukuulizwa, hatukupewa hata shilingi. Mama alisema tu tumwachie Mungu. Mimi sikumwachia Mungu. Niliapa kwamba nyumba ya mtu yule sitakanyaga, na sikukanyaga. Harusi za ukoo sikwenda, simu yake sikupokea. Nilipopata nafasi ya chuo akatuma ujumbe wa pongezi, nikaufuta. Nilijiona nina msimamo kweli kweli.

Mwaka jana, likizo, mama akaanguka jikoni. Hospitali wakasema ni upasuaji na hauwezi kusubiri. Kiasi walichotaja, hata ungeuza kila kitu ndani ya nyumba yetu, paa na mapaa, kisingefika. Nikapiga simu kwa watu wote ninaowajua. Jioni nikawa nimebakiwa na jina moja ambalo sikulipigia.

Nilifika kwake saa mbili usiku. Nikapiga hodi. Akafungua mwenyewe.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Akaniangalia muda mrefu. "Kumbe unajua bado naishi hapa."

Nilipiga magoti palepale kizingitini. Sikupanga kupiga magoti, miguu ilifanya yenyewe. Nikamweleza. Hakusema kitu, akaingia ndani, akatoka na funguo za gari. Usiku ule ule alilipa, na alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka asubuhi. Mama yuko hai. Kiwanja hakijarudi, na hajawahi kuomba radhi, na mimi sijasema nimesamehe. Yote hayo ni kweli kwa pamoja. Siku nyingi niliona haya, nikajiona sina msimamo tena.

Sasa Wakili, jibu langu ni hili. Saini ile ilikuwa ni ya Henriëtte mwenyewe. Alipoikataa, aliyelipa gharama ni yeye: jukwaa lake, mkate wake, jina lake. Hiyo ni haki ya mtu kutoa. Lakini mama yake aliyekuwa Westerbork hakuwa wake wa kumtoa. Huwezi kusimamia msimamo wako kwa shingo ya mtu mwingine, tena ya aliyekuzaa. Siku treni inasubiri, ukimtaka mwokoaji mwenye mikono misafi, utabaki na mikono yako misafi na mama hayupo. Na msaada ule haukumfanya Mengelberg kuwa mtu safi. Baraza lilimhukumu baadaye, na mimi naona lilikuwa na sababu. Mtu anaweza kukuokolea mama na bado akawa ametenda kosa ambalo lazima alijibu. Henriëtte aliishi na mambo hayo mawili bila kulifuta moja. Mimi najifunza.

Nimalizie hadithi, maana haikuishia hapo. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Waholanzi wanayaita majira ya njaa. Chakula hakikuingia miji ya magharibi, watu wakala mpaka vitunguu vya maua ya tulipu na viazisukari. Wapatao 20,000 walikufa. Mama na binti walipona. Mwezi Mei 1945 vita ikaisha, na tarehe 8 wanajeshi wa Kanada wakaingia Amsterdam watu wakipanda juu ya magari yao.

Na Henriëtte, aliyenyamaza karibu miaka kumi, akatunga. Mwaka huo huo wa 1945 alitoa wimbo wa kuwapokea Wakanada, kwa maneno ya mshairi Fedde Schurer. Unausikia una haraka, kama mtu anayekimbilia dirishani kuchungulia. Na mwaka huo huo akatunga Doodenmarsch, maandamano ya wafu, ya msomaji na okestra, kwa maneno ya Clara Eggink. Nimependa kwamba alifanya vyote viwili. Hakuwasahau wafu kwa sababu ya sherehe, wala hakuikataa sherehe kwa sababu ya wafu.

Baadaye akakutana na mwimbaji wa Kifaransa, Noémie Pérugia, akamtungia nyimbo nyingi, akawa anampigia piano jukwaani. Mwaka 1951 serikali ikampa nishani. Tarehe 2 Julai 1952 akafariki kwa saratani, ana miaka 56. Kwa miaka mingi muziki wake ulikaa makabatini. Siku hizi unapigwa tena na kurekodiwa, na ndivyo ulivyonifikia mimi, usiku, chumbani kwangu hosteli.

Mhadhiri alinipa alama 16 kwa 20. Pembeni kaandika: "Mtu umempata. Swali la mwisho umelikimbia." Hata yeye aliona!

Jumapili nilimpigia mama. Nikamwambia kuna mwanamke mmoja Mzungu nataka nikusimulie. Akanisikiliza mpaka mwisho, mpaka salio likawa linakata. Nilipofika kwenye kambi akawa anasema "masikini" tu, "masikini". Nilipomaliza akauliza swali moja ambalo Wakili hakuliuliza wala mimi sikuwa nimelifikiria:

"Na yule mama yake, baadaye alimpigia piano?"

Nikamwambia mama, naamini walipigiana.

"Basi vizuri," akasema. "Na wewe mpigie simu baba yako mdogo. Siyo kwa ajili yake."

Sijampigia bado. Simu ninayo hapa mkononi, na bumu limeingia jana, kwa hiyo hata kisingizio cha salio sina. Alamsiki.